Maswali ya Wasomaji: Shata za umeme kwenye nyumba ya zamani

SWALI (Kanyenye, Tabora)

Habari za kazi, mafundi wa ukurasa huu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakarabati nyumba aliyotuachia baba, ya miaka ya 1950. Kuta ni za matofali, upande mmoja ya kuchoma, upande mwingine mabichi, na plasta ya saruji ilipigwa baadaye. Madirisha yako sita, kila moja sm 120 kwa 120. Fremu na milango yake ni ya mninga, inafunguka kwa nje, nondo ziko ndani. Kuna pia mlango mpana wa barazani, sm 180 kwa 210. Nataka shata za kujikunja zinazoendeshwa na umeme, zizuie jua, vumbi na wezi. Fundi mmoja anataka kukata ukuta juu ya kila dirisha ili boksi lijifiche ndani. Mwingine anasema ninunue mota kubwa kuliko zote ili nisijute. Nimsikilize nani?

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Kwa haya mawili, usimsikilize hata mmoja.

Tuanze na ukuta, maana nyumba ya umri huo haina nafasi ya makosa hapo. Boksi la shata, lenye bomba ambalo papi (vipande vyembamba vinavyoungana kuwa shata) hujikunjia, lina kimo na kina cha sm 15 hadi 20. Ukilichimbia juu ya dirisha, unakata palepale lenta, boriti ya juu ya dirisha, inapobeba matofali na paa. Katika nyumba nyingi za wakati ule lenta ni gogo la mbao, au zege jembamba lenye nondo mbili, na nyingine hazina lenta kabisa, fremu yenyewe ndiyo inayobeba. Tofali bichi likipoteza mbebaji wake, ufa huanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda hadi kwenye mabati. Boksi la kujificha ni la nyumba mpya, ambayo lenta yake inamwagwa ikiwa imeachiwa nafasi. Kwako boksi likae nje, juu ya uso wa ukuta, na reli mbili zishuke kandokando ya uwazi wa dirisha. Ukilibana ndani ya uwazi, chini ya lenta, litakula sm 15 za mwanga katika kila dirisha la sm 120.

Kabla ya kuagiza, pima nafasi kati ya juu ya uwazi na paa la baraza. Kwa papi za alumini zenye unene wa mm 8 hadi 9, dirisha lako litahitaji boksi la sm 15 hivi, na mlango sm 18 hadi 20. Ongeza sm 3 za kuweza kufungua kifuniko. Mabaraza ya zamani yana paa la chini. Ikibaki sm 12 tu, shata ya nje haiwezekani hapo, na ni heri kulijua hilo kabla hujatoa hela.

Jambo la pili ni milango ya madirisha kufunguka kwa nje. Shata ikiwa chini, hutaweza kufungua dirisha upate hewa. Na mtu akibonyeza swichi dirisha likiwa wazi, ubao wa chini wa shata utatua juu ya mninga huku bomba likiendelea kuachia papi. Papi zitajaa ndani ya boksi, zitapinda, na kazi itaanza upya. Wengi hukimbilia kung'oa mbao na kuweka alumini ya kuteleza. Sisi hatupendi hivyo: mninga iliyokauka miaka 70 huipati tena kirahisi, na nyumba yako inaijua. Seremala mzuri anaweza kung'oa fremu nzima na kuigeuza, sehemu ya ndani itazame nje. Milango itafunguka kwa ndani na nondo zitakuwa kwa nje, nyuma ya shata. Akumbuke kitu kimoja: kizingiti cha chini kina mteremko wa kumwaga mvua nje, na kikigeuzwa kitamwaga ndani. Apige randa mteremko mpya.

Hapohapo kwenye nondo, tunakuomba kwa msisitizo: katika kila chumba cha kulala, angalau dirisha moja liwe na nondo za kufunguka zenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na shata yake iwe na mkono wa kuzungushia. Nondo zilizochomelewa, shata iliyofungwa na umeme uliokatika, vikikutana na moto usiku, watu wa ndani hawana pa kutokea.

Sasa, huenda huhitaji shata sita. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata Juni, likiwa kaskazini kabisa, saa sita mchana hubaki juu kiasi cha nyuzi 60. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini lililo chini ya paa lililochomoza vizuri lina kivuli chake tayari. Linalopika chumba ni la magharibi, kuanzia saa tisa alasiri, jua linapoingia kimshazari chini ya paa, kisha la mashariki asubuhi. Anza na hayo. Kwa jua, shata ya nje inaishinda pazia kwa mbali, kwa sababu joto linazuiwa kabla halijapita kwenye kioo.

Kuhusu papi: zile za alumini zilizojazwa povu gumu zina uzito wa kilo 3 hadi 3.5 kwa mita ya mraba. Zinazuia jua, vumbi na kelele, lakini mwizi mwenye bisibisi nene na dakika chache atazipinda. Papi za alumini nzito, zilizotolewa kwenye kalibu, ni uzito wa mara mbili au zaidi na ni ngumu kweli. Papi za chuma kama za maduka hufika kilo 9 au 10 kwa mita ya mraba, kwa sababu bati tupu la chuma la mm 1 peke yake ni kilo 7.85. Kwa madirisha yenye nondo imara chukua za povu, nondo ndizo zitakazomzuia mwizi. Mlango wa barazani uwe wa alumini nzito.

Ndipo tufike kwenye mota, ambayo watu huanza nayo. Nguvu yake ya kuzungusha hupimwa kwa Nm (nyutoni-mita). Dirisha lako ni mita za mraba 1.44, yaani kilo 5, ongeza kilo 1 ya ubao wa chini. Bomba la mm 60 pamoja na unene wa papi linatoa umbali wa sm 3.5 hivi, kutoka katikati ya bomba hadi papi zinaponing'inia. Zidisha kilo 6 kwa 9.81, mvuto wa dunia, kwa mita 0.035, unapata Nm 2. Ongeza theluthi moja kwa msuguano wa reli, haifiki hata 3. Mota ya Nm 10 inatosha na kubaki. Mlango wa mita za mraba 3.78 ukiwa wa kilo 8 kwa mita ya mraba unakaribia kilo 33 pamoja na ubao wa chini, na hesabu ileile inatoa kama Nm 15. Hapo chukua 30, na sababu ni umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya mota hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: volti 230 zikishuka hadi 180, inabaki asilimia 61 tu. Mota ya Nm 20 inageuka ya 12, na shata inagoma katikati.

Lakini kuweka mota ya Nm 50 kwenye dirisha la kilo 6 ni hasara. Papi ikikwama, mota ndogo itasimama. Ile kubwa itaendelea kuvuta hadi ing'oe vifungo vya papi ya juu.

Mota zote, bila kubagua, ziwe na tundu la mkono wa kuzungushia. Huo mkono huamuliwa wakati wa kuagiza. Mota ya kawaida isiyo nao haiongezewi baadaye, inabadilishwa nzima.

Kufunga: gonga ukuta kwa nyundo ndogo uone plasta ni nene kiasi gani, kwa sababu skrubu iliyoishia ndani ya plasta haijashika kitu. Kwenye tofali la kuchoma tumia plagi ndefu za mm 10 na skrubu za mm 8 kwa 100, ya kwanza sm 15 kutoka mwisho wa reli, nyingine kila sm 30. Reli ya sm 120 inachukua nne. Bolti za kupanua ziache, zinapasua tofali karibu na kingo. Kwenye tofali bichi hakuna plagi itakayoshika. Chukua skwea paipu ya 40 kwa 40, unene mm 2, nguzo moja kila upande wa dirisha. Zishike kwa fimbo za mm 10 zenye nyuzi, zipenye ukuta mzima, tatu kila nguzo, na kwa ndani weka bamba la chuma la sm 10 kwa 10 chini ya nati. Boksi na reli vifungwe kwenye nguzo hizo. Na fundi asiweke kabari za mbao laini nyuma ya reli. Mchwa wa Tabora watazimaliza kwa msimu mmoja, reli ilegee, shata ianze kukwaruza. Kabari ziwe za plastiki au chuma.

Umeme usichukuliwe kwenye taa za zamani. Nyaya za enzi hizo mara nyingi hazina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), na raba yake hukatika ukiigusa tu. Vuta laini mpya kutoka kwenye bodi: waya wa mm za mraba 1.5, breka ya ampea 6, pamoja na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kutoka swichi hadi mota waya uwe na nyuzi nne: bluu ya nyutro, mbili za kupanda na kushuka, na ya kijani-njano ya ethi. Tundu la waya ukutani litobolewe likiteremka kuelekea nje, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili mvua ya masika idondoke badala ya kuufuata waya ndani. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

LUKU isikutishe. Mota ya wati 120 ikipanda na kushuka kwa dakika moja kwa siku inatumia uniti 0.002. Madirisha sita kwa mwezi hayafiki nusu uniti. Ajabu ni kwamba vipokezi vya rimoti, vikila nusu wati kila kimoja mchana na usiku, vyote sita vinatumia uniti 2 kwa mwezi, zaidi ya mota zenyewe. Kama hakuna mgonjwa au mzee asiyeweza kuinuka, swichi ya ukutani inatosha.

La mwisho, vipimo vya kuagizia vichukuliwe baada ya plasta mpya. Plasta ya sm 2 kila upande hupunguza uwazi kwa sm 4, na shata haikatwi kirahisi ikishafika. Pima upana juu, katikati na chini, kimo kushoto na kulia, kisha pembe kwa pembe. Vipimo viwili vya pembe kwa pembe vikitofautiana zaidi ya sm 1, fuata timazi na pima maji, usifuate ukingo wa ukuta: reli lazima ziende sambamba hata kama nyumba imeinama kidogo. Na katika oda ileile ya Dar es Salaam agiza papi tano za ziada, vifuniko vya ncha 20 na seti moja ya vifungo vya bomba, kuliko kusubiri basi kwa kipande cha plastiki.

SWALI (Ujiji, Kigoma)

Shikamooni. Nyumba yetu ya familia iko karibu na ziwa. Nafikiria shata za sola, zile zenye betri na kioo kidogo juu ya boksi, ili nisitegemee umeme. Nahofia kutu ya upepo wa ziwani. Je, zitadumu?

JIBU

Marahaba. Kutu isikuogopeshe kama mtu wa Dar es Salaam au Tanga. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, upepo wake haubebi chumvi ya bahari inayotoboa alumini. Kinachoharibu shata huko kwenu kwa kawaida ni saruji. Saruji mbichi ni kali na inakula alumini pamoja na rangi yake. Tone la plasta likikaa usiku mmoja kwenye reli, linaacha doa jeupe lisilofutika. Kama lazima plasta iguswe baada ya kufunga, funika reli na boksi kwa nailoni na gundi ya karatasi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa zile za chini ambako maji hutulia.

Sola inafaa, ila angalia kioo kitakaa wapi. Kigoma pia iko karibu nyuzi 5 kusini, jua la mchana liko juu sana. Kioo kilichobandikwa kwenye boksi chini ya paa la baraza kinakuwa kivulini saa zile jua lina nguvu zaidi, na mwembe ukiwa jirani ndiyo basi. Omba aina ambayo kioo chake kina waya wa ziada wa mita mbili au tatu, ukipandishe juu ya ukingo wa paa. Betri isibanwe moja kwa moja chini ya bati, joto huizeesha mapema. Iwe mahali unapoweza kuifikia kwa bisibisi, kwa sababu itabadilishwa kabla ya mota.

Mota hizi za volti 12 ni dhaifu kuliko za umeme wa kawaida, hivyo ni za papi za povu na madirisha ya wastani. Na uulize shata itafunguliwaje betri ikifa. Muuzaji akikosa jibu, usinunue.

SWALI (Cheyo, Tabora)

Nimefunga shata mbili za sebuleni kwenye swichi moja ili zipande pamoja. Siku chache zilikwenda vizuri, sasa moja ikifika juu inaanza kurukaruka, inashuka kidogo na kupanda. Juzi wakati fundi anarekebisha zilizima kabisa, akasema mota zimeungua. Ninunue nyingine?

JIBU

Ngoja kwanza. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kurukaruka kunatokana na swichi moja kulisha mota mbili moja kwa moja. Mota ya bomba ina koili mbili, ya kupanda na ya kushuka, zilizounganishwa na kapasita. Moja ikipata umeme, nyingine nayo huwa na volti inayopitia kapasita. Mota ya kwanza ikifika mwisho na kujikata, ile ambayo bado inatembea huirudishia umeme kupitia waya wa upande wa pili, na hiyo inaanza kushuka. Ikiachwa hivyo, viungio vya ndani huungua kweli. Tenganisha leo. Kila mota iwe na swichi yake, au fundi aweke rilei ya kutenganisha kati ya swichi na mota hizo. Swichi yenyewe iwe ile isiyoruhusu juu na chini kubonyezwa kwa pamoja. Swichi mbili za taa zilizowekwa ubavuni mwa nyingine hazifai hapa.

Kuzima kabisa huenda ni kinga ya joto. Mota hizi zimetengenezwa kutembea kama dakika 4 mfululizo, kisha hujikata zipoe. Fundi anapotafuta mahali pa kusimamia juu na chini, akipandisha na kushusha bila kupumzika, dakika hizo huisha haraka. Ziache dakika 20, mchana wa Oktoba hata 40, halafu jaribu tena. Zisipoamka, pima umeme kwenye waya wa bluu na ule wa kupanda kabla ya kulaumu mota.

Anaporekebisha, sehemu ya kusimama juu iwekwe mapema kidogo, ubao wa chini ubaki nje ya boksi kwa sm 2 au 3. Ukimezwa na boksi, papi ya mwisho hujikunja nyuma ya bomba na shata haishuki tena bila kufungua kifuniko.

SWALI (Isevya, Tabora)

Shata ya chumba cha wageni inakwama katikati, tunaitumia mara chache. Nimepaka grisi lakini imezidi. Jikoni pia nataka niweke moja.

JIBU

Mama, grisi ndiyo imezidisha. Vumbi jekundu la kiangazi likishikana na grisi linakuwa tope, na tope likikauka linakuwa msasa. Futa reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, kisha pulizia silikoni kavu. Angalia pia ndani ya reli kwa tochi: shata isiyotembea hujengewa na nyigu wa udongo, na kidonge kimoja cha udongo mkavu kinatosha kusimamisha papi. Kitoe kwa kijiti, usikisukume kwa mota. Baada ya hapo ipandishe na kuishusha walau mara moja kwa wiki, mgeni awepo asiwepo.

Jikoni inategemea unapikia nini. Kama ni jiko la mkaa, tunakuomba usiweke. Shata iliyofungwa hadi chini inaziba hewa, na sumu ya mkaa haina harufu wala haionekani. Kama ni gesi, weka shata yenye matundu kati ya papi, na inapofungwa iishie pale papi zinapogusa bila kubanana, matundu yabaki wazi. Swichi yake ikae mbali na sinki, angalau mita moja na nusu.